Kidole, Volti na Pikseli: Kuifanya Skrini Ndogo Isikie Mguso

Fundi anayejitengenezea kidhibiti cha joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga kwa kawaida huanza na skrini ndogo na vitufe vitatu: cha kupandisha, cha kushusha na cha kukubali. Vinatosha kama kazi ni kuweka nyuzijoto 37.5 na kuondoka. Vikiongezwa unyevu na saa za kugeuza mayai, mwenye mashine huishia kubonyeza na kubonyeza hadi afikie anachokitafuta. Skrini ya kugusa huondoa adha hiyo, na skrini nyingi za inchi 2.8 zinazouzwa kwa matumizi ya vibao vya ESP32 au Arduino huja na tabaka la mguso limeshabandikwa. Wengi hukwama katika kulifanya tabaka hilo lielewane na picha.

Tuanze na jambo linalosahaulika: skrini yenyewe haihisi chochote. Chipu ya kuchora picha, mara nyingi ILI9341, kazi yake ni kupaka rangi pikseli 320 kwa 240. Mguso ni kifaa cha pili kilicholazwa juu yake, chenye chipu yake, mara nyingi XPT2046. Viwili hivi havijuani. Anayevikutanisha ni mwandishi wa programu.

Tabaka la mguso la skrini hizi za bei nafuu hutumia ukinzani wa umeme. Chini kuna kioo, juu kuna plastiki inayonyumbulika, na nyuso zinazotazamana zimepakwa utando mwembamba unaopitisha umeme na mwanga pia. Vidoto vidogo sana huzitenganisha. Ukibonyeza, nyuso hizo hugusana. Chipu huweka volti kati ya kingo mbili za uso mmoja, halafu hutumia uso wa pili kupima volti iliyopo pale ulipobonyeza. Karibu na ukingo wenye volti nyingi kipimo huwa kikubwa, katikati huwa takriban nusu, na upande wa pili hukaribia sifuri. Kisha nyuso hubadilishana zamu ili kupata kipimo cha mhimili mwingine.

Kwa kuwa kinachotakiwa ni mgandamizo tu, skrini ya namna hii hukubali kijiti, ukucha, hata mkono wenye glovu. Skrini za simu hupima jinsi kidole kinavyobadilisha chaji ya umeme juu ya kioo. Hizo ni nyepesi kuguswa na hutambua vidole kadhaa kwa pamoja, lakini matone ya maji huzichanganya na glovu nene huzizuia. Kwa mashine ya bandani, inayoshikwa na mikono yenye maji na vumbi, mimi ningechagua ile ya ukinzani bila kusita.

Sasa tufike kwenye kiini. XPT2046 haitoi pikseli; hutoa namba kati ya 0 na 4095, na kingo za skrini hazifiki kwenye mipaka hiyo. Tuseme ukigusa ukingo wa kushoto unasoma 200, na wa kulia 3900. Ukisoma 2050, toa 200 ubaki na 1850, gawanya kwa 3700 ambayo ni tofauti ya kingo hizo, kisha zidisha kwa 320. Jibu ni 160, katikati kabisa ya skrini. Hesabu hiyo hufanywa kwa kila mhimili. Namba za kingo hutofautiana kati ya skrini na skrini, hata zilizotoka kwenye boksi moja, kwa hiyo usinakili za mtu mwingine. Pima zako, uzihifadhi kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Na ukiigeuza picha ikae wima, geuza pia mihimili ya mguso, la sivyo kitufe cha juu kitaitikia chini.

Vipimo vyenyewe hutetereka. Kidole kinapoanza kugusa au kinapoachia, nyuso hazijakutana sawasawa na namba huruka ovyo. Dawa yake ni kusoma mara tano, kuzipanga namba kwa ukubwa na kuchukua ya katikati. Wastani haufai sana hapa, kwa sababu namba moja iliyopotoka huuvuta. Chipu hupima pia mgandamizo. Mguso hafifu upuuzwe.

Kuhusu nyaya, chipu zote mbili zinaweza kutumia njia moja ya mawasiliano, iitwayo SPI, kila moja na waya wake wa kuichagua. Tatizo ni mwendo: ESP32 huweza kuipelekea ILI9341 data kwa megahezi 40, ilhali XPT2046 inataka takriban 2. Usipopunguza kasi kabla ya kusoma mguso, utapata takataka na kudhani kioo ni kibovu.

Vitufe vya kwenye picha navyo visiwe vidogo. Katika skrini ya ukubwa huu pikseli 50 ni kama milimita 9, na chini ya hapo kidole cha mtu mzima huanza kukosea.

Kwa hiyo kabla hujachora kitufe hata kimoja, andika programu fupi ya kuonyesha namba ghafi za mguso, kisha gusa pembe zote nne. Namba zikibadilika kwa mpangilio, endelea na kazi; zikirukaruka, rudi kwenye nyaya na kasi ya SPI kwanza.