Wanaanga Wanaelea, Ila Dunia Bado Inawavuta

Muulize mwanafunzi wa sekondari kwa nini wanaanga huelea ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Wengi watakujibu kwamba huko juu hakuna mvutano. Si kweli, na inasikitisha kuona jibu hilo likipita madarasani, maana hesabu ya kulipinga imo kwenye vitabu vyao vya fizikia.

Kila kitu chenye tungamo kina uga wa mvutano, yaani eneo ambamo huvuta vitu vingine. Nguvu ya uga hupimwa kwa nyutoni kwa kila kilogramu: usoni mwa Dunia ni takriban 9.8, mwezini ni 1.6. Ukizidi kwenda mbali inapungua, ila umbali wenyewe huhesabiwa kuanzia kitovu cha Dunia, si kuanzia ardhini. Hapo ndipo wengi hupotea. Kutoka kitovuni hadi ardhini ni kilometa 6,371 hivi. Kituo kiko kama kilometa 400 tu juu yetu. Kokotoa, utapata takriban 8.7, karibu asilimia 89 ya mvutano tulio nao hapa chini.

Kama ni hivyo, mbona wanaelea? Kwa sababu wanaanguka. Kila sekunde kituo huporomoka mita 4.3 hivi kuelekea Dunia. Sekunde hiyo hiyo huwa kimeshasonga mbele kilometa 7.7, na katika umbali huo Dunia, kwa kuwa ni mviringo, imejipinda ikashuka mita zile zile 4.3. Kituo kinaanguka bila kufika. Mwanaanga anaanguka pamoja nacho, kwa hiyo sakafu haimsukumi.

Msukumo huo wa sakafu ndio tunaouhisi tunaposema tuna uzito. Mvutano wenyewe hatuuhisi. Mifupa pia huishi kwa kutegemea msukumo huo. Ikiukosa bila mazoezi ya kutosha, mifupa inayobeba mwili, hasa ya nyonga, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa madini yake kwa mwezi. Majimaji ya mwili nayo hupanda kichwani, uso ukavimba. Ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi kama saa 2 kila siku, wakikimbia kwenye mashine huku wamefungwa mikanda inayowavuta chini, ili sakafu ipate kuwasukuma.