Mchezo Unaokubali Kuachwa

Juzi ilipoadhiniwa magharibi, nilimwita mjukuu wangu twende msikitini. "Babu, ningoje kidogo, nitakufa!" akajibu. Nilishtuka. Kumbe ni vita vilivyokuwa katika kidude chake cha michezo. Tulifika rakaa mbili zimeshatupita.

Sikumpokonya. Mimi mwenyewe nimecheza bao barazani hadi chai ikanipoea. Nilifungua sanduku nikatoa Game Boy yangu ya zamani, ya aina iliyotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1989, nikaitia betri zake nne na kaseti ya Tetris, mchezo uliobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov katika miaka ya 1980.

Kijana alicheka kuona kioo kisicho na rangi. Lakini vipande vilipoanza kuanguka, naye akivigeuza na kuvipanga kama mwashi, kicheko kilikoma. Mstari ukijaa hutoweka. Ukiacha matundu, vipande hurundikana mpaka juu, na mchezo umekwisha. Hakuna hadithi ndefu ya kumaliza. Ukiitwa, wabonyeza kitufe kimoja tu, na mchezo husimama ukakungoja.

Basi wazazi wenzangu, tunapowanunulia watoto michezo, tusitazame uzuri wa picha peke yake. Tuulize pia: je, mchezo huu wakubali kuachwa?

Jioni ya pili ilipoadhiniwa, kijana ndiye aliyesimama mlangoni akiniita, maana Game Boy ilikuwa mikononi mwangu. Nilibonyeza kitufe, tukaenda. Rakaa zote tulizipata.