Kisukari cha Ujauzito: Mama Asijinyime Chakula

Mama mjamzito aelezwapo kliniki kuwa sukari yake imepanda, mara nyingi hurudi nyumbani na uamuzi mmoja: kuacha ugali, wali na hata kifungua kinywa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini njaa si tiba.

Kisukari hiki hutokea kwa sababu homoni za kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini, hasa kuanzia wiki ya 24. Sukari ya ziada humfikia mtoto, akanenepa kupita kiasi na uzazi ukawa mgumu. Hata hivyo, mama akijinyima, mtoto naye hukosa lishe anayohitaji ili akue.

Lililo muhimu ni kiasi na mpangilio. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au bamia. Robo iwe maharage, dagaa au mayai. Robo iliyobaki iwe ugali wa dona au viazi vitamu. Milo 3 ya wastani, pamoja na karanga au tunda moja katikati, ni bora kuliko mlo mmoja mkubwa wa jioni. Chai inywewe bila sukari. Juisi na soda ziachwe. Kutembea dakika 15 baada ya kula pia husaidia.

Familia nayo ile chakula hicho hicho, mama asijione ametengwa. Sukari isiposhuka, arudi kliniki mapema: insulini si adhabu, wala haimdhuru mtoto. Apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hata akijihisi mzima, kwani hatari ya kisukari cha kudumu hubaki.