Biskuti za Sikukuu kwa Ulezi wa Ufipa

Biskuti ya nyumbani inasimama juu ya vitu vitatu: unga, mafuta na sukari. Vilivyobaki, yaani yai, chumvi, viungo, karanga na bekingi pauda, ni wasaidizi. Kipimo kinachotumiwa na wapishi wengi ni unga sehemu mbili, mafuta sehemu moja na sukari sehemu moja. Kwa kipimo hicho, nusu ya donge huwa ni mafuta na sukari, na nusu nyingine ni unga mweupe wa ngano ambao pumba na kiini chake vimebaki kinuni. Anayetaka biskuti yenye manufaa zaidi mwilini hana budi kugusa hivyo vitatu, kimoja kimoja, na kujua kila kimoja kina kazi gani kabla ya kukipunguza au kukibadili.

Katika Uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, sehemu kubwa ya vinavyohitajika inalimwa jirani. Mashamba ya uwandani hutoa ulezi, mahindi, maharage, alizeti, karanga na ngano kidogo. Bonde la Rukwa hutoa mchele na ufuta, na misitu ya miombo ya Nkasi na Katavi hutoa asali. Mama wa Katandala, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, anaweza kuoka biskuti za Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka au Idi kwa vitu vilivyotoka mkoani kwake Rukwa na mkoa jirani wa Katavi, huku akinunua unga wa ngano, sukari na viungo vichache tu.

Suala la lishe lina uzito wa pekee mkoani Rukwa. Mkoa huu ni miongoni mwa maghala ya nafaka ya Tanzania, lakini utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 ulikuta kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na ule wa 2022 ukakuta karibu nusu yao. Wingi wa mahindi ghalani si sawa na mchanganyiko mzuri wa vyakula kwenye sahani. Biskuti haiwezi kuponya udumavu, wala haichukui nafasi ya maziwa, mayai, maharage na mboga. Ila kama mtoto atakula biskuti sikukuu, na atakula, ni heri iwe imebeba kitu zaidi ya sukari.

Unga

Ulezi ni nafaka ya kale ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na Wafipa walikuwa wakiutegemea kwa ugali na pombe kabla mahindi hayajatawala mashamba. Umoja wa Mataifa uliutangaza 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii hii, kwa sababu zinastahimili ukame na zina virutubisho vingi. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, wakati unga mweupe wa ngano una chini ya 30. Punje yake ni ndogo mno kuweza kukobolewa kwa urahisi, hivyo husagwa pamoja na ganda lake, na nyuzinyuzi hubaki ndani ya unga.

Hata hivyo, ulezi una faiteti na tanini, ambazo hushika madini tumboni na kuyazuia kuingia mwilini. Dawa yake ni ya zamani: kuotesha kimea. Ulezi hulowekwa usiku kucha, huchujwa, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu hadi uchipue, kisha huanikwa juani, hupukuchwa vijizizi na kusagwa. Kuchipua hupunguza faiteti na kugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, kwa hiyo unga wa kimea una utamu wake wenyewe. Ufipa huwa na mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na Desemba jua la kuanikia ni la kubahatisha. Kimea cha biskuti za Krismasi hutayarishwa mapema, wakati anga bado kavu.

Ulezi uliopurwa chini huja na mchanga, na mchanga ukisagwa hautoki tena. Dawa ni kuutia ulezi kwenye beseni la maji, kuukoroga kwa mkono, na kuumimina taratibu kwenye chombo kingine, ili mchanga mzito ubaki chini. Kazi hiyo hurudiwa hadi beseni libaki safi. Anayeruka hatua hii atasikia mchanga menoni kwa kila biskuti.

Unga wa ulezi peke yake hauna gluteni, ule utando unaovutika ambao hulishika donge la ngano. Biskuti ya ulezi mtupu huvunjikavunjika mkononi. Kwa kawaida ulezi huchanganywa na ngano, sehemu tatu kwa mbili, au nusu kwa nusu kwa anayeanza. Ngano hiyo nayo haiji mikono mitupu: tangu 2011 kanuni za Tanzania zinataka unga wa ngano wa viwandani uongezwe madini ya chuma na zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Asiyeweza kula ngano anaweza kutumia ulezi na unga wa mchele, akaongeza yai la pili la kushikilia.

Biskuti zisizo na ngano si jambo geni katika upishi wa Waswahili. Vileja vya Zanzibar, vinavyookwa kwa ajili ya Idi, hutengenezwa kwa unga wa mchele, samli, sukari na hiliki. Mchele wa bonde la Rukwa, ukioshwa, ukakaushwa na kusagwa laini, hutoa vileja vizuri vilevile.

Mafuta

Mafuta huzunguka chembe za unga na kuzuia utando wa gluteni usijengeke sana, ndiyo maana biskuti hukatika badala ya kutafunika kama mkate. Siagi na samli huganda zikipoa, hivyo biskuti hushika umbo lake. Mafuta ya alizeti ni ya maji na yana kiasi kidogo zaidi cha mafuta yale yanayohusishwa na ugonjwa wa moyo, lakini donge lake hutanuka zaidi jikoni. Anayebadili samli kwa alizeti hupunguza uzito kwa moja ya tano, na huacha donge lipumzike mahali pa baridi kabla ya kulikata. Alizeti iliyokamuliwa bila kusafishwa huwa na harufu kali, ambayo hupokelewa vyema na tangawizi na mdalasini.

Mafuta ya kugandishwa yaliyotokana na mafuta ya mimea kuongezewa hidrojeni kwa kiasi ndiyo ya kuepukwa. Huzaa mafuta aina ya transi, na Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote, kuanzia 2018, ziyaondoe katika vyakula vya viwandani.

Karanga zilizokaangwa na kutwangwa huongeza protini na mafuta yake yenyewe, kwa hiyo samli inaweza kupungua. Zichambuliwe moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hutupwa, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu, na joto la kuokea haliiharibu. Sumu hiyohiyo, katika mahindi, ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Utamu

Sukari haileti utamu tu. Huyeyuka jikoni na kuifanya biskuti itanuke, huipa rangi ya kahawia na huifanya ikatike. Ikiondolewa yote, kinachotoka ni kijimkate kigumu. Ikipunguzwa hadi karibu nusu ya kipimo cha kawaida, tofauti haionekani sana, hasa kwa ulezi wa kimea ulio na utamu wake. Hiliki, mdalasini, kungumanga na chembe ya chumvi huudanganya ulimi ukahisi utamu zaidi ya uliopo.

Asali hupewa sifa nyingi, lakini kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni sukari kama sukari nyingine. Mwongozo wa shirika hilo wa 2015 unasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, yaani gramu 25 hivi, karibu vijiko sita vya chai, kwa mtu mzima. Faida ya asali ni kwamba ni tamu zaidi, hivyo huhitajika kidogo, na hushika unyevu. Kikombe kimoja cha sukari hubadilishwa kwa robo tatu ya kikombe cha asali, majimaji mengine hupunguzwa, na moto hupunguzwa kidogo kwa sababu asali huwahi kuungua. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto mchanga, na hata kuoka hakuviondoi kwa uhakika.

Kipimo na donge

Kwa biskuti 30 hivi: unga wa ulezi gramu 150, unga wa ngano gramu 100, samli gramu 100 au mafuta ya alizeti gramu 80, sukari gramu 70 au asali gramu 60, karanga zilizotwangwa gramu 50, yai moja, bekingi pauda robo tatu ya kijiko cha chai, hiliki ya unga kijiko kimoja cha chai, tangawizi nusu yake na chumvi kidogo.

Unga wote huchekechwa pamoja na bekingi pauda. Samli na sukari hupigwa hadi ziwe nyeupe, yai huongezwa, kisha unga, viungo na karanga. Donge likusanywe tu, lisikandwe kama la chapati. Kisha hufunikwa kwa nusu saa. Mapumziko hayo ni ya lazima kwa ulezi, kwa sababu chembe zake hunywa maji polepole, na donge lililowahishwa jikoni hutoa biskuti zenye mkwaruzo. Likiwa kavu baada ya kupumzika, huongezwa kijiko kimoja cha maziwa. Husukumwa unene wa nusu sentimita na kukatwa kwa mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa.

Kila biskuti hubeba sukari ya kuongezwa gramu mbili na kidogo, na ulezi gramu tano. Biskuti nne zina kalsiamu ya ulezi karibu miligramu 60. Si nyingi, ila unga mweupe peke yake usingezipa hata robo yake.

Jiko na mwinuko

Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, na gesi ya bekingi pauda hupanuka zaidi kuliko pwani. Kipimo kilichoandikwa Dar es Salaam, kikifuatwa neno kwa neno Katandala, hutoa biskuti zinazotanuka mno kisha kubonyea katikati. Ndiyo sababu bekingi pauda imepunguzwa kwa robo hapo juu. Unyevu nao hupotea haraka, kwa hiyo maziwa kidogo ya ziada hayadhuru.

Oveni huwekwa nyuzi 170 hadi 180, na biskuti hukaa dakika 12 hadi 15. Asiye na oveni hutumia sufuria nzito. Mchanga mkavu na safi hutandazwa chini, juu yake huwekwa kigoda cha chuma au mawe madogo ya kuinua sahani ya bati, kisha hufunikwa na kupashwa moto dakika kumi. Makaa mengi hukaa juu ya mfuniko, machache chini, kwani moto wa chini ndio unaounguza haraka.

Kabla ya kuweka zote, huokwa kinyunya, kijidonge kimoja cha kujaribia. Kikitanuka sana, unga kidogo huongezwa. Kikipasuka kingo, huongezwa maziwa. Rangi haisaidii kujua kama biskuti zimeiva, maana ulezi ni wa kahawia tangu mwanzo. Zilizoiva hunukia karanga, kingo zake huwa ngumu zikiguswa na katikati bado hubonyea kidogo. Huachwa zipoe juu ya wavu, na hapo ndipo zinapokauka.

Kuhifadhi

Hewa ya masika huzilainisha biskuti kwa siku moja zikiachwa wazi. Huwekwa zikiwa zimepoa kabisa, ndani ya kopo linalofunga vizuri, zikitenganishwa kwa karatasi safi. Za sukari na samli hudumu wiki mbili. Za asali hulainika mapema na huliwa ndani ya wiki moja. Zilizolainika hurudishwa kwenye moto mdogo dakika tano, zikakauka upya. Donge lisilookwa halionjwi, kwa sababu ya yai bichi na unga mbichi.

Mtoto hupewa mbili au tatu baada ya chakula, pamoja na maziwa au chai isiyo na sukari nyingi. Akizipata kabla ya chakula hushiba utamu, na sahani ya wali, maharage na mboga iliyopikwa kwa ajili ya sikukuu hubaki mezani.