Biashara ya Nyinyoro

Wafanyabiashara wa pwani wamezoea kusema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na msemo huo, uliokwisha kuwaponza wengi waliokaa barazani wakingoja wateja, umepata pingamizi kubwa katika habari za biashara moja ndogo ya matbaa za Tokyo, nayo ni biashara ya katuni zinazosimulia mahaba baina ya mwanamke na mwanamke. Bidhaa hiyo ilikuwapo, na wapenzi wake walikuwapo, kwa muda wa zaidi ya miaka 80 kabla hajatokea mtu wa kuifungulia duka lake peke yake. Na katika muda huo wote kizuri hakikujiuza, bali kilitapakaa huku na huko katika ghala za watu wengine, kila mnunuzi akikitafuta kwa kubahatisha.

Wajapani huziita katuni zao manga, neno ambalo msomaji wa Kiswahili asidhani kuwa lina nasaba na Manga ya Maskati tuliyoirithi katika pilipili manga na komamanga. Na katuni za aina hii tunayoizungumzia huitwa yuri, yaani ua la nyinyoro. Jina hili lina tarehe. Mwaka 1971 mhariri Ito Bungaku alianzisha jarida la wanaume wanaopenda wanaume, akaliita Barazoku, maana yake ukoo wa waridi. Na mwaka 1976, alipotenga ukurasa kwa barua za wanawake waliokuwa wakilisoma jarida hilo, akawaita hao ukoo wa nyinyoro. Watu walichukua ua wakauacha ukoo, na tangu hapo bidhaa ikawa na jina, ingawa bado haikuwa na rafu.

Hadithi zenyewe zilitangulia jina kwa miaka 60. Mwaka 1916 Yoshiya Nobuko, msichana wa miaka 20, alianza kuandika katika jarida la wasichana liitwalo Shojo Gaho mfululizo wa hadithi 52 uliojulikana kwa jina la Hana Monogatari, maana yake Hadithi za Maua, zikieleza huba ya wanafunzi wa shule za wasichana, aghalabu baina ya mkubwa na mdogo, katika ule ushoga wa maana ya kale, ambao bibi zetu waliutumia kwa mwanamke na rafiki yake wa moyo, isipokuwa kwamba kule ulikuwa na machozi zaidi na barua nyingi zaidi. Jamii iliuvumilia uhusiano huo kwa sharti moja, kwamba ukome siku ya kumaliza shule, binti aende akaolewe. Yoshiya mwenyewe hakulitimiza sharti hilo: aliishi na mwenzake Monma Chiyo mpaka mwisho wa maisha yake, na mwaka 1957 akamfanya kuwa mwanawe wa kupanga, maadamu sheria haikuwapa mlango mwingine wa kuwa jamaa. Lakini kwa mintarafu ya uchumi, linalopasa kukumbukwa ni kwamba mwandishi huyu alitajirika, akahesabiwa miongoni mwa waandishi waliouza vitabu vingi kabisa katika Japani ya zama zake. Basi fedha ilikuwapo tangu awali, ila hapakuwa na mfanyabiashara aliyeisoma.

Baadaye mchoraji Yamagishi Ryoko alitoa Shiroi Heya no Futari mwaka 1971, ambayo wengi huihesabu kuwa katuni ya kwanza ya aina hii, nayo ikaishia kwa mauti, kama zilivyoishia nyingi za wakati ule. Na katika miaka ya 1990 Takeuchi Naoko, katika Sailor Moon iliyotoka katika jarida la mabinti wadogo liitwalo Nakayoshi, akawaonyesha wasomaji mashujaa wawili wa kike waliopendana waziwazi bila hadithi yao kuishia kwa mauti. Mwaka 1998 zikafuata riwaya za Konno Oyuki, Maria-sama ga Miteru, zilizoirudisha shule ya wasichana ya Yoshiya kwa kizazi kipya. Kila moja ya kazi hizi iliuzwa kwa jina lingine, hii hadithi ya majonzi, ile ya mashujaa, na nyingine ya shule, na msomaji aliyependa kile kilichoziunganisha alilazimika kuwa mjuzi wa maduka yote.

Waliotangulia kuuona uhitaji huo hawakuwa wachapishaji bali wasomaji wenyewe. Mnamo Desemba 1975 yalifunguliwa mjini Tokyo maonyesho ya Comiket, ambako wapenzi wa katuni huuza vijitabu walivyovichora na kuvichapisha kwa gharama zao, na siku hiyo vikundi vilikuwa 32 na wageni 700 hivi. Leo maonyesho hayo hufanyika mara mbili kwa mwaka na kuvuta mamia ya maelfu ya watu. Meza ya Comiket ni duka lisilohitaji rasilmali kubwa: mchoraji huchapa nakala chache, huziuza kwa mkono wake, na jioni hujua hesabu yake bila ya kupitia dalali. Mashabiki wa Sailor Moon na wa Konno walipozijaza meza hizo, mhariri mwenye macho aliweza kupita katikati na kuliona soko kwa urefu wake.

Mwaka 2003 lilitoka jarida la kwanza la nyinyoro tupu, Yuri Shimai, likatoa matoleo matano likafa mwaka uliofuata. Mhariri wake, Nakamura Seitaro, hakuvunjika moyo. Alihamia kampuni ya Ichijinsha, na Julai 2005 wachoraji wengi wa lile la kwanza wakakutana tena katika Comic Yuri Hime, lililotoka mara nne kwa mwaka, kisha kila baada ya miezi miwili, na tangu mwishoni mwa 2016 likawa la kila mwezi. Mwendo huo wa polepole, wa kuongeza matoleo baada ya kupata wanunuzi na si kabla, ndio uliolisalimisha, kwani wenzake waliochipuka baada yake, Tsubomi la mwaka 2009 na Hirari la mwaka 2010, walikauka kabla ya kutimiza miaka mitano.

Ili kuifahamu hesabu ya biashara hii hapana budi kufahamu kanuni mbili za soko la vitabu la Japani. Ya kwanza ni kwamba, tangu sheria ilipotengenezwa upya mwaka 1953, mchapishaji ana haki ya kuipanga bei ya kitabu, na mwenye duka hana idhini ya kuipunguza. Ya pili ni kwamba duka huvipokea vitabu kama mali kauli, vikiuzika likalipa, visipouzika likavirudisha, hata mwenye duka akawa hahatarishi fedha yake bali nafasi ya rafu yake tu. Hasara yote, basi, humwangukia mchapishaji, naye kwa kuwa hawezi kuiondoa mali iliyolala kwa kuishusha bei, hujihadhari kwa kuchapa nakala chache na kuzitoza bei ya juu: kitabu cha nyinyoro katika mfululizo wa vitabu vya Yuri Hime huuzwa kwa yeni 900 na zaidi, ilhali kitabu cha katuni za wavulana kinachochapwa kwa mamilioni huuzwa kwa yeni 500 hivi. Mteja wa nyinyoro hulipa karibu maradufu, na hulipa kwa radhi, jambo ambalo mchuuzi yeyote ataliona kuwa ni rasilmali bora kuliko wingi wa wapita njia.

Fauka ya hayo, jarida lenyewe si mahali pa kuvunia faida. Jarida ni chambo, samaki ni kitabu: sura hutoka moja moja kila mwezi, mchoraji akalipwa kwa ukurasa, kisha sura hizo hukusanywa katika kitabu, na hapo ndipo mchoraji hupata fungu lake, ambalo kwa desturi ni kama asilimia 10 ya bei, na mchapishaji naye hurudisha gharama zake. Ikiwa kitabu cha kwanza kimedorora katika majuma ya mwanzo, hadithi inaweza kukatwa katika kitabu cha pili au cha tatu, wapenzi wakaachwa njia panda bila kujua kama walioana au walitengana. Mashabiki wanalijua hilo vyema, na ndiyo maana kuifuatilia hadithi kwao si kukaa na kungoja tu. Wao huagiza mapema, hununua siku ya kwanza, na huwahimiza wenzao wanunue, kwa kuwa kila nakala inayouzwa mapema ni kura ya kuiweka hai hadithi waipendayo.

Na ni nani wanunuzi hao? Wengi hudhani ni wanaume tu, na wengine hudhani ni wanawake tu, na wote wamekosea. Ichijinsha ilipowachunguza wasomaji wake mwaka 2008 ilikuta kwamba asilimia 73 ya wasomaji wa Yuri Hime walikuwa wanawake, ilhali katika jarida lake dogo, Yuri Hime S, wanaume walikuwa asilimia 62. Baada ya miaka michache jarida dogo liliunganishwa na lile kubwa, mchapishaji akiwa amekwisha kufahamu kwamba duka moja lenye milango miwili hulipa kodi moja. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya Kodansha iliinunua Ichijinsha yote, na hivyo duka hilo likaingia katika himaya ya mmoja wa matajiri wa soko.

Habari za bidhaa hii nje ya Japani nazo zina funzo lake. Katuni za televisheni zilizotokana na Sailor Moon zilipofasiriwa kwa ajili ya watoto wa Marekani, wale mashujaa wawili wapenzi waligeuzwa kuwa mabinti wa ami na ami, kwa kuwa mwagizaji alichelea wazazi. Na hivyo aliingiza bidhaa baada ya kuiondolea kile kilichowafanya wengine waitamani. Wapenzi wa huko walijitafutia wenyewe. Erica Friedman aliasisi jumuiya ya Yuricon mwaka 2000, na miaka mitatu baadaye akaanza kuchapisha vitabu vya nyinyoro kwa Kiingereza, kwa nakala chache na kwa fedha ndogo, akiwathibitishia wakubwa kwamba wanunuzi wapo. Mwaka 2006 kampuni ya Seven Seas ya Marekani ikaitengea aina hii fungu lake maalumu, na katika miaka iliyofuata ikawa mwagizaji wake mkubwa kwa lugha hiyo, ikiuza kitabu kimoja kwa dola 13 hivi. Mwaka 2018 tuzo ya Harvey ya katuni bora ya Japani ilipewa kitabu kilichotolewa na kampuni hiyo, maungamo ya Nagata Kabi kuhusu upweke wake na safari yake ya kuijua nafsi na mwili wake.

Kitabu hicho cha Nagata kinatuonyesha mlango wa tatu wa soko, baada ya meza za Comiket na majarida, kwa sababu hakikuzaliwa katika jarida lolote. Kwanza alikiweka katika mtandao wa wachoraji uitwao Pixiv, watu wakakisoma bure kwa wingi, ndipo mchapishaji akamjia. Vivyo hivyo Arai Sumiko, mwaka 2022, alianza kutoa katika mtandao ulioitwa Twitter wakati huo kurasa zake za rangi nyeusi na kijani kuhusu msichana anayemhusudu muuza santuri pasi na kujua kuwa huyo ni mwenzake wa darasani. Na kampuni ya Kadokawa ikazifanya vitabu mwaka uliofuata. Kwa kufanya hivyo mchapishaji huinunua bidhaa ambayo soko limekwisha kuipima, na hatari iliyokuwa mgongoni mwake humhamia mchoraji anayechora usiku bila ujira. Soko lote la katuni za Japani limeelekea huko: mwaka 2023 lilifikia zaidi ya yeni bilioni 690, na katika hizo takriban bilioni 480 zilitokana na nakala za kidijitali, ambazo haziingii katika ile kanuni ya bei ya mwaka 1953, na kwa hiyo huweza kupunguziwa bei, zikawa hazihitaji ghala wala rafu.

Hapo ndipo penye kitendawili cha biashara hii leo. Iliteseka miaka mingi kwa kukosa rafu yake, ikaipata, na sasa zilizo maarufu miongoni mwa bidhaa zake zinazaliwa nje ya rafu hiyo. Yagate Kimi ni Naru ya Nakatani Nio, iliyotoka kuanzia 2015 hadi 2019 na kufanywa mfululizo wa katuni wa televisheni, haikutoka katika jarida la nyinyoro bali katika Dengeki Daioh, jarida la katuni za wavulana. Na hadithi ya Yuzaki Sakaomi kuhusu wanawake wawili majirani, mmoja mpishi na mwingine mlaji hodari, ilifanywa mchezo wa televisheni na shirika la taifa, NHK, mwaka 2022. Mwenye duka kubwa akikiona kichuguu cha jirani kimetoa kumbikumbi, haoni haya kuja na kikapu chake.

Basi wachoraji wa majarida madogo waliokwisha kuona milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine, baadhi yao wenye majina makubwa katika aina hii, walifanya shirika mwaka 2017 wakaanzisha jarida lao wenyewe, Galette, litokalo mara nne kwa mwaka, ambalo halina tajiri wala mhariri aliyeajiriwa na kampuni. Hugharimiwa kwa michango ya wasomaji wanaotoa fedha yao kabla ya ukurasa kuchorwa. Yule mnunuzi ambaye zamani alizunguka maduka yote akitafuta hadithi moja iliyofichwa chini ya jina lingine, leo ametia mtaji wake katika duka, na jina la nyinyoro limeandikwa juu ya mlango.