Buterere na Hesabu ya Hewa ya Ukaa

Kutokana na petroli, dizeli na saruji, Mrundi wa kawaida husababisha takribani kilo 60 za hewa ya ukaa kwa mwaka mzima. Mmarekani wa kawaida huzifikisha kabla siku mbili hazijaisha. Wastani wa dunia unakaribia tani tano kwa kila mtu. Hata hivyo mvua zikizidi, maji huingia kwenye nyumba za Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, eneo la bondeni karibu na uwanja wa ndege na Ziwa Tanganyika. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7, na mvuke huo hurudi chini kwa kishindo. Waliochangia kidogo kabisa ndio wanaoanika magodoro.

Ili kuelewa hewa hiyo inatoka wapi, tuichukue hesabu ya Mjapani Yoichi Kaya, mtaalamu wa nishati, aliyoieleza mwishoni mwa miaka ya 1980. Chukua idadi ya watu, zidisha kwa kipato cha kila mtu, zidisha kwa nishati inayotumika kuzalisha kila faranga ya kipato hicho, kisha zidisha kwa ukaa unaotoka katika kila kipimo cha nishati. Jibu ni hewa ya ukaa ya nchi nzima. Kwa kuwa ni kuzidisha, namba moja ikiwa ndogo sana hulishusha jibu lote. Ndiyo maana wanaoinyooshea Afrika kidole kwa wingi wa watoto wake wanasoma namba ya kwanza tu. Burundi ina watu zaidi ya milioni 12, lakini namba ya pili ni ndogo mno, na jibu lake halionekani hata kwenye mchoro wa dunia.

Je, kipato kikipanda, uchafu nao lazima upande? Mwaka 1991 wachumi Gene Grossman na Alan Krueger waligundua kwamba baadhi ya uchafu wa hewa, hasa moshi na salfa, huongezeka nchi inapoanza kutajirika, kisha hupungua inapotajirika zaidi. Wengi walitumaini hewa ya ukaa itafuata njia hiyo hiyo yenyewe. Haikufuata kirahisi. Moshi humkohoza anayeuzalisha, naye hudai sheria. Ukaa hauonekani, hauna harufu, na madhara yake humfikia mtu wa mbali. Unapungua pale tu watu wanapoamua. Uingereza imepunguza ukaa wake kwa karibu nusu tangu 1990 huku uchumi wake ukikua, na Septemba 2024 ikafunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe. Sehemu ya uchafu wake ilihamia kwenye viwanda vya nchi nyingine, lakini sehemu kubwa imeondoka kweli kwa sababu namba ya tatu na ya nne za Kaya zilishushwa.

Wastani wa nchi nao huficha jambo. Mwaka 2022 mchumi Lucas Chancel alionyesha kwamba asilimia 10 ya watu wanaochafua zaidi duniani walisababisha karibu nusu ya hewa chafu ya mwaka 2019, wakati nusu nzima ya wanadamu, wale wa chini, walisababisha asilimia 12 tu. Siku hizi karibu theluthi mbili ya tofauti hiyo iko ndani ya nchi, kati ya tajiri na maskini wa taifa moja. Mwaka huo huo wa 2022 Benedikt Bruckner na wenzake walipiga hesabu nyingine: kuwatoa watu zaidi ya bilioni moja katika umaskini kungeongeza hewa ya ukaa ya dunia kwa takribani asilimia 2 au pungufu. Taa, friji ya dawa na sahani ya pili ya chakula haviiharibu dunia. Asiwepo tena wa kumwambia mama wa Buterere angoje.

Kuna kitu kingine ambacho zile kilo 60 hazikihesabu: kuni na makaa. Umeme unamfikia takribani Mrundi mmoja kati ya kumi, kwa hiyo jiko la mjini ni la makaa. Katika tanuru la udongo, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Nishati nyingi hupotelea porini, na moshi wa kinachobaki huingia kwenye mapafu ya mpishi na watoto wake. Tena Buterere ndiko liliko jalala la mji. Mabaki ya chakula yakifukiwa bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa miaka 20 huteka joto mara 80 hivi kuliko hewa ya ukaa. Mabaki hayo hayo yakitenganishwa mapema huwa mbolea.

Burundi inayo bahati ambayo Uingereza haikuwa nayo. Umeme wake mwingi hutokana na maji, kama ule wa Rwegura. Maporomoko ya Rusumo yana megawati 80 ambazo Burundi inagawana na Rwanda na Tanzania. Na kituo cha jua cha Mubuga, Gitega, kilianza kazi mwaka 2021. Namba ya nne inaweza kubaki chini huku ya pili ikipanda. Lakini umeme huo ukiishia kwenye mitaa ya wenye nacho, mjini kutaongezeka viyoyozi na magari, na Buterere itabaki na gunia la makaa. Basi kila mradi wa umeme upimwe kwa megawati zake, na pia kwa idadi ya majiko ya makaa uliyoyazima katika mitaa ya bondeni. Na nchi zilizotajirika kwa kuchoma makaa ya mawe zilipie nyaya za umeme huo kama deni, wala si kama sadaka.