Mpini wa mafuta uwekwe wapi? Uamuzi mgumu wa wanaojitengenezea ndege Texas

Mkenya au Mtanzania aliyehamia Dallas au Houston baada ya kuendesha gari nyumbani kwa miaka mingi anaijua aibu hii: anataka kukata kona, anagusa indiketa, na badala yake waipa zinaanza kufuta kioo kikavu. Magari mengi ya nyumbani yametoka Japani, na indiketa yake iko mkono wa kulia. Ya Marekani iko kushoto. Barabarani utapigiwa honi, yaishe. Angani ni mambo mengine.

Sheria ya Marekani inamruhusu raia kujitengenezea ndege, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Ndege hukaguliwa kabla ya kuruka, lakini kanuni nyingi zinazovibana viwanda kuhusu mpangilio wa chumba cha rubani hazimhusu mjenzi huyu. Kwa kawaida kiwanda hutakiwa kuupa mpini wa magurudumu umbo la gurudumu, na ule wa flapu umbo la bawa. Chanzo chake ni Vita Vikuu vya Pili, pale mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza kwa nini marubani wa B-17 waliokwisha kutua walikuwa wakikunja magurudumu badala ya flapu. Vidhibiti hivyo viwili vilikaa karibu na vilifanana.

Mjenzi wa nyumbani, basi, anachagua mwenyewe: usukani au fimbo, na fimbo iwe kati ya mapaja au pembeni? Fimbo ya pembeni ilipata sifa kubwa kwa ndege ya kivita F-16, iliyoundwa Fort Worth hadi mwaka 2017. Mwanzoni fimbo hiyo haikusogea hata kidogo, ilipima tu nguvu ya mkono. Marubani hawakuipenda, ikabadilishwa ili icheze kidogo.

Long-EZ, ndege ndogo iliyobuniwa na Burt Rutan, nayo ina fimbo pembeni, mkono wa kulia. Ndiyo aliyokuwa akiirusha John Denver, mwimbaji wa nyimbo za kantri aliyemaliza sekondari Fort Worth na ambaye baba yake alikuwa rubani wa jeshi. Tarehe 12 Oktoba 1997 alianguka nayo katika ghuba ya Monterey, California, akafa.

Katika mchoro wa Rutan, mpini wa kuchagua tanki la mafuta ulikuwa mbele, kati ya miguu ya rubani. Mjenzi wa ndege hiyo, ambaye si Denver, aliuhamishia nyuma ya bega la kushoto. Kuufikia kulimlazimu rubani ajipinde, na anayejipinda hivyo hukanyaga pedali ya kulia bila kujua. Bodi ya Usalama wa Usafiri ilimlaumu Denver kwa kutojaza mafuta na kwa kupoteza udhibiti alipokuwa akihangaika na mpini huo. Hata hivyo, ilitaja pia mahali ulipowekwa, na kwamba haukuwa na alama yoyote. Ndege ilikuwa mpya mikononi mwake.

Hapo ndipo penye uzito, kwa maoni yetu. Ndege ya nyumbani huuzwa, na mnunuzi huja na mazoea ya kwingine. Aliyejifunza katika Cessna, kiti cha kushoto, ameshika usukani kwa mkono wa kushoto na mpini wa nguvu za injini kwa wa kulia. Katika Long-EZ mikono inabadilishana kazi.

Huko Houston, wanaanga wa vyombo vya shuttle, vilivyostaafishwa mwaka 2011, walizoezwa katika vyumba vya mfano ardhini. Mjenzi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mbao nyepesi na viti vya kuazima: ajifunge mkanda, afumbe macho, mwenzake amtajie mpini mmoja mmoja. Ule ambao hawezi kuufikia bila bega kuondoka kitini, auhamishe kabla ya kutoboa tundu la kwanza.